Hasira na Jicho la Moyo

 Leo tumeazimu kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amelichukua kifuani mwake tangu utotoni, wala hakulinunua dukani, wala hakufundishwa na mwalimu. Jambo hilo ni hisia za moyo: furaha na huzuni, hofu na haya, wivu, huruma, hasira, na nyingine zilizo ndugu zao. Habari zao ni nyingi kupita muda tuliopewa. Kwa hiyo tutachagua moja tu, yaani hasira, maana ndiyo hisia ambayo sisi walimu twaijua kwa karibu, na ndiyo iliyotuachia majuto makubwa kuliko zote.

Pengine msikilizaji atauliza: Falsafa ina kazi gani na hasira? Twajibu ya kuwa falsafa si maneno makubwa ya kuwashangaza watu. Ni desturi ya kulisimamisha jambo tulilolizoea na kuliuliza: Wewe ni nini? Umetoka wapi? Una haki gani ya kutuamrisha? Na katika mambo yote yanayotuamrisha, ni machache yanayoamrisha kwa sauti kubwa kama hasira.

Tuanze karibu, katika lugha yetu wenyewe. Mara nyingi tumewapa wanafunzi wetu wa ualimu kazi ya kuandika ubaoni kila namna wanayoijua ya kutaja hisia kwa Kiswahili. Ubao ukijaa, maneno hujigawa yenyewe sehemu mbili. Upande mmoja huandikwa: ameshikwa na hasira, hasira zimempanda, ameingiwa na hofu, amejawa na furaha, amepatwa na huzuni, amepigwa na butwaa. Katika maneno haya mtu hafanyi neno, hufanyiwa. Ni kama nyumba iliyoingiwa na mwizi usiku, au kama mtungi uliojazwa maji na mkono wa mwingine. Upande wa pili huandikwa: ameona haya, ameona huruma, ameona wivu, ameona fahari, ameona uchungu. Hapa mtu hashikwi na kitu. Yeye ndiye anayeona. Na mwenye kuona huona kitu fulani, na aonapo aweza kuona sawasawa au kuona vibaya.

Hatusemi ya kuwa lugha imekwisha tuamulia shauri. Kiswahili husema vile vile kuona njaa na kuona baridi, wala hakuna mtu aliyeambiwa kwamba njaa yake ni ya uongo. Lugha hutupa swali, nasi twatakiwa kulitafutia jawabu. Na swali ndilo hili: Hasira ni kitu kinachotushika, kama homa, au ni namna ya kuona, kama jicho? Tukisema ni homa, basi mwenye hasira hana lawama, maana nani amlaumuye mgonjwa? Tukisema ni jicho, basi yatupasa kuuliza limeona nini, na kama lilichoona kilikuwapo.

Ili swali hili lisielee hewani, tusimulie kisa. Twasema "sisi", ingawa mkono ulioinua fimbo ulikuwa mmoja, kwa sababu walimu wengi na wazazi wengi watajiona ndani yake. Tulikuwa bado vijana, mwaka wa kwanza wa kazi, tukifundisha darasa la watoto wa umri wa miaka 12 hivi. Ulikuwa wakati wa masika. Mtoto mmoja alichelewa siku ya kwanza, akaonywa. Akachelewa siku ya pili, akaonywa. Siku ya tatu aliingia wakati hesabu zimekwisha andikwa ubaoni, miguu yake imejaa matope mpaka magotini. Tukamwuliza alikotoka. Hakujibu. Tukamwuliza tena. Akatabasamu. Darasa zima likacheka.

Basi hapo masikio yetu yakawaka moto, mikono ikaanza kutetemeka, nasi tukaona mbele yetu dharau tupu: mtoto mdogo atucheka mbele ya wenziwe, sisi wenye cheti, sisi tuliokuwa tungali wageni mahali pale! Tukaishika henzirani iliyokuwa mezani, tukampiga mikononi viboko sita. Kadiri tulivyopiga ndivyo alivyozidi kutabasamu, na kadiri alivyotabasamu ndivyo tulivyoongeza nguvu. Kisha tukamwambia akae, tukaendelea na hesabu. Siku ile jioni tulimweleza mwalimu mwenzetu ya kuwa hasira zilitupanda. Tulisema hivyo kana kwamba hasira zilikuwa na miguu yao wenyewe.

Sasa tuwasikilize wenye elimu. Wa kwanza ni wale wanaoitazama hasira katika mwili. Mwaka 1884 William James, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard katika Marekani, aliandika makala yenye kuuliza hisia ni nini. Mawazo ya watu wengi ni kwamba kwanza tunakuwa na hasira, ndipo mwili unapotetemeka. James aligeuza mpango huo. Alisema ya kuwa tuonapo jambo, mwili hubadilika papo hapo, na hisia si neno lingine ila ni sisi kuyahisi mabadiliko hayo ya mwili. Mwaka uliofuata, 1885, daktari mmoja wa Denmark, Carl Lange, alitoa mawazo yaliyofanana sana na hayo, akitia mkazo juu ya mishipa ya damu. James alitutaka tujaribu kwa fikira: waza hasira kali, kisha uiondolee moto wa uso, pumzi ziendazo mbio, meno yaliyokazwa na ngumi iliyokunjwa, je, kitakachobaki kitastahili kuitwa hasira?

Mawazo haya yana nguvu, na yeyote aliyepata kukasirika anajua ya kuwa mwili haukai kando. Miaka iliyofuata ilitueleza zaidi. Walter Cannon, naye wa Harvard, alitoa kitabu mwaka 1915 akaonyesha jinsi mwili unavyojiweka tayari wakati wa hofu na ghadhabu. Juu ya figo zetu zimekaa tezi mbili ndogo, nazo humimina katika damu maji yaitwayo adrenalini. Moyo hupiga kwa haraka, sukari huongezeka katika damu ili misuli ipate nguvu, na kazi ya tumbo ya kusaga chakula hupunguzwa. Mwili hujiandaa kupigana au kukimbia. Hii ndiyo maana ya mikono yetu kutetemeka asubuhi ile.

Walakini ni Cannon huyo huyo aliyempinga James. Mwaka 1927 alieleza ya kuwa mabadiliko ya ndani ya mwili hufanana sana katika hofu na katika ghadhabu, na mengine hutokea hata katika baridi na homa. Ikiwa moyo hunidunda kwa hofu, na hunidunda kwa hasira, na hunidunda nikipanda mlima, basi kudunda kwenyewe hakuwezi kuniambia nina nini. Na katika mwaka 1924 daktari wa Hispania, Gregorio Marañón, alikuwa amewapiga watu sindano za adrenalini akawauliza walivyojisikia. Wengi walisema ya kuwa walikuwa kana kwamba wanaogopa, au kana kwamba watalia, lakini walijua hakuna la kuogopa wala la kulilia. Wachache tu walipatwa na huzuni ya kweli, na miongoni mwao walikuwa wale aliokuwa amekwisha zungumza nao habari za wazazi wao waliofariki au watoto wao waliokuwa wagonjwa.

Tulitafakari jambo hili. Sindano ilileta mtetemeko, haikuleta huzuni. Ili huzuni ije, mtu alihitaji kuwa na jambo mbele ya jicho la moyo wake. Basi mwili ni ngoma, nayo hulia kwa sauti kubwa. Lakini ngoma haisemi ni ya harusi au ni ya vita. Hilo huambiwa na kitu kingine.

Kitu hicho ndicho alichokitaja Aristotle wa Ugiriki, aliyekufa mwaka 322 K.K. Katika kitabu chake juu ya ufundi wa kusema mbele ya watu, alieleza ya kuwa hasira ni tamaa ya kulipiza kisasi, iliyochanganyika na maumivu, inayotokana na dharau ambayo mtu aiona kuwa ametendewa isivyo haki, yeye au watu wake. Tunawaomba mlisikilize neno moja katika maelezo hayo: dharau *inayoonekana*. Aristotle hakusema ni lazima dharau iwepo. Yatosha kuonekana. Hasira huzaliwa na kile tunachokiona, na kinachoonekana na kilichopo si lazima viwe kitu kimoja.

Tulithibitishe kwa mfano. Umesimama sokoni siku ya gulio, watu wamesongamana. Ghafula mtu akakukanyaga kidole cha mguu kwa kisigino chake. Maumivu yanapanda, damu inachemka, unageuka na maneno makali yako ulimini. Kumbe aliyekukanyaga ni mzee kipofu, naye anapapasa kwa fimbo akitafuta njia. Je, hasira iko wapi? Imekufa kabla hujafumba kinywa. Lakini kidole kinauma vile vile kilivyokuwa kikiuma, na moyo bado wadunda. Kama hasira ingalikuwa mwili peke yake, ingalingoja mwili utulie. Imekufa kwa sababu ulichokiona kimebadilika. Ulikuwa umeona dharau. Sasa waona bahati mbaya, na pengine mahali pa hasira papo hapo pameingia huruma, au haya.

Basi sisi twasema hivi: hasira ni mwili na kuona pamoja, lakini kuona ndiko kunakoipa jina. Na kwa kuwa ni namna ya kuona, yaweza kuwa kweli, nayo yaweza kuwa uongo. Martha Nussbaum, mwanafalsafa wa Marekani, alilitetea wazo la namna hii kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 2001, akionyesha ya kuwa hisia zetu ni hukumu tunazozitoa juu ya vitu tunavyovithamini. Ndiyo kusema, mtu hakasiriki kwa ajili ya kitu asichokijali. Ukitaka kujua mtu anathamini nini, tazama anakasirika wapi. Nasi asubuhi ile, kilichokuwa kinatuuma hakikuwa hesabu zilizompita mtoto. Kilikuwa heshima yetu.

Turudi kwa mtoto yule. Wiki moja ilipita. Mwalimu mzee wa shule ile, aliyezaliwa jirani na kwao, alituita chini ya mwembe baada ya masomo, akatuambia kwa upole: "Mwanangu, yule mtoto hucheka anapoogopa. Alicheka hivyo hivyo siku tulipomzika mama yake, na shangazi zake wakampiga kwa ajili hiyo. Sasa baba yake ni mgonjwa. Yeye ndiye anayeteka maji na kuwapikia wadogo zake uji kabla ya kuja shule, na njia ya mtoni masika haya imekatika." Mzee hakuongeza neno. Akajifunga shuka lake, akaenda zake.

Tuliketi pale mwembeni mpaka giza likaingia. Tulikuwa tumeona dharau. Kilichokuwapo kilikuwa hofu. Kadiri tulivyompiga ndivyo alivyozidi kuogopa, na kadiri alivyozidi kuogopa ndivyo alivyozidi kutabasamu. Nasi kila tabasamu tulilihesabu kuwa tusi jipya. Jicho letu la moyo lilikuwa limesoma neno moja kinyume, kisha likaendelea kusoma ukurasa mzima kwa kosa lile lile.

Wala kosa hili si la mwalimu mmoja. Charles Darwin aliyetoa kitabu juu ya dalili za hisia mwaka 1872 alikuwa amepeleka maswali 16 kwa watu waliokaa nchi mbalimbali za dunia, akitaka kujua kama nyuso za wanadamu husema lugha moja. Tangu wakati huo wataalamu wamebishana sana juu ya neno hilo. Mwaka 2019 wataalamu watano waliokuwa na mawazo mbalimbali walikaa pamoja kuupima ushahidi uliokusanywa, wakakata shauri ya kuwa uso wa mtu peke yake si shahidi wa kutegemewa: mwenye hasira si kila mara hukunja uso, na mwenye kutabasamu si kila mara ana furaha. Sisi tulilijua hilo chini ya mwembe, lakini tulilijua baada ya fimbo.

Je, kwa kuwa hasira hudanganyika, yatupasa kuing'oa kabisa, mzizi na shina? Hapa wenye hekima wamegawanyika, na shauri lao ni zito. Seneca wa Roma, ambaye Kaisari Nero alimlazimisha kujiua mwaka 65 baada ya Kristo, aliandika vitabu vitatu juu ya hasira, akimwelekea ndugu yake Novatus. Yeye alikuwa wa madhehebu ya Wastoiko, nao walishika ya kuwa hasira haina faida yoyote. Mwenye kuikaribisha nusu hukaribisha nzima. Aristotle hakukubali hivyo. Kwake yeye, anayestahili sifa ni mtu akasirikaye kwa sababu iliyo haki, juu ya mtu anayestahili, kwa kadiri na kwa wakati upasao. Na asiyekasirika hata palipo na haki ya kukasirika ana upungufu. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, naye alifundisha ya kuwa hasira ina daraja tatu: upungufu, kupita kiasi, na wastani, na wastani ndio usifiwao.

Sisi hatuna cheo cha kuwaamua wakubwa hawa, lakini tutasema tunavyoona. Tuseme kuna mjane ambaye mumewe amefariki, na kabla ya arobaini shemeji zake wamekwisha ligawana shamba lake. Mtu akisikia habari hiyo na moyo wake usichemke hata kidogo, je, tutamsifu kwa utulivu wake? Twaogopa ya kuwa hana utulivu, hana macho. Hasira hapa imeona kitu kilichopo kweli. Kuing'oa kabisa ni kumpofusha mtu ili asikosee kuona.

Lakini tutofautishe maneno mawili ambayo hasira huyasema kwa pumzi moja. La kwanza ni hili: hapa pana dhuluma. La pili: aliyetenda naye aumie. La kwanza laweza kuwa kweli tupu, na ni wajibu wetu kulisikiliza. La pili ndilo lenye hatari, kama Nussbaum alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 2016, kwa sababu maumivu ya mkosaji hayarudishi kilichopotea. Mjane yule hali maumivu ya shemeji zake. Ataka shamba lake. Mwenye hasira njema ataondoka aende barazani akamsemee. Mwenye hasira mbaya atachoma nyumba ya shemeji, na mjane atabaki bila shamba, tena na kesi juu yake. Ndipo waliposema wahenga, Hasira, hasara.

Basi hasira tuifanye shahidi, wala tusiifanye hakimu. Shahidi huitwa, husikilizwa, kisha huulizwa maswali. Hakimu mwenye akili hamfukuzi shahidi kwa kuwa anapiga kelele, wala hamwachii kiti chake.

Hapo msikilizaji mmoja atatupinga, akisema: "Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini hasira haingoji. Itakapokuja sitakuwa na nafasi ya kuiuliza maswali." Seneca alilijibu neno hili vizuri. Alieleza ya kuwa hasira ina hatua tatu. Ya kwanza ni mshituko wa mwili, nao hauko chini ya amri yetu, kama vile mtu asivyoweza kujizuia kupepesa jicho linapokaribiwa na kidole. Ya pili ni pale akili inapokubali na kusema: naam, nimekosewa, yanipasa kulipiza. Ya tatu ni pale inapokuwa imekwisha kushinda, na akili haisikii tena. Mlango basi uko katika hatua ya pili. Ni mlango mwembamba, lakini upo. Masikio yetu kuwaka moto hakukuwa dhambi yetu. Dhambi yetu ilikuwa kuipa hasira henzirani kabla haijaulizwa hata swali moja.

Na dawa aliyoitaja Seneca kuwa kubwa kupita zote ni kukawia. Anasimulia habari ya Plato, mwalimu wa Aristotle, ya kuwa siku moja alimkasirikia mtumwa wake, akamwamuru avue nguo apigwe. Alipokwisha inua mkono alitambua ya kuwa amekasirika, akauzuia mkono ule ule hewani, akabaki amesimama kama mtu anayetaka kupiga. Rafiki yake akaingia, akamwuliza afanyalo. Plato akajibu ya kuwa anamwadhibu mtu mwenye hasira. Kisa hiki sisi twakipenda sana, kwa sababu mwenye hekima ndani yake si mtu asiyekasirika. Alikasirika, tena mkono ulikuwa umekwisha inuka.

Mafundisho ya dini zetu nayo yajua siri hii ya kukawia. Mtume Paulo aliwaonya Waefeso wasiiache hasira ikae nao mpaka machweo ya jua. Nao Waislamu wamefundishwa na Mtume wao ya kuwa mwenye hasira akiwa amesimama na akae, na isipomtoka na ajilaze. Tazameni jinsi shauri hili lilivyo na akili: linaanza na mwili. Aliyeketi hapigi kwa wepesi, na aliyelala hapigi kabisa. Mwili ukikawia, jicho hupata nafasi ya kutazama mara ya pili.

Mzazi mwingine atasema: "Samaki mkunje angali mbichi, ukikawia, mtoto ataharibika." Twakubali ya kuwa mtoto ahitaji kuongozwa. Lakini aliyekawia hakuacha kuongoza. Kosa la leo halitakimbia kabla ya kesho asubuhi. Ikiwa adhabu ni haki leo, kesho itakuwa haki vile vile. Na ikiwa kesho haitakuwa haki, basi leo nayo haikuwa haki, ila hatukuwa na macho ya kuona. Mtoto aliyeadhibiwa na mtu mwenye hasira hajifunzi ubaya wa kosa lake. Hujifunza kuogopa uso wa mtu fulani.

Kwa hiyo twawapa wanafunzi wetu wa ualimu maswali matatu, nasi tumejifunza kwa gharama kujiuliza wenyewe. La kwanza: Nimeona nini, na je, nimekiona au nimekidhania? La pili: Je, kuna namna nyingine ya kukiona kitu hiki hiki? La tatu: Hilo ninalotaka kulitenda, litarudisha kilichopotea? Na ikiwa mchana umekwenda mbio mno, usiku upo. Seneca alikuwa na desturi, taa ikiisha kuondolewa na mkewe amenyamaza, ya kuipitia siku yake yote na kujiuliza alipokosea, bila kujificha neno. Maswali yanayoulizwa kila usiku kitandani ndiyo yatakayokumbukwa mchana, mkono unapoanza kuinuka.

Twamaliza kwa yule mtoto. Tangu siku ya mwembe mpaka siku tuliyomwomba radhi zilipita wiki mbili. Hatukuwa na shughuli. Tulikuwa na kiburi. Tulijiambia ya kuwa mwalimu akimwomba mtoto radhi darasa litamdharau, yaani jicho letu lilikuwa lingali likiona dharau mahali pasipokuwa nayo. Mwishowe tulimwita baada ya masomo, tukasimama naye nje, karibu na pipa la maji ya mvua. Tukamwambia ya kuwa tulimpiga bila haki, ya kuwa tulikuwa hatujui, na ya kuwa tangu kesho akichelewa aingie tu akae.

Alituinulia uso wake, akatabasamu tabasamu lile lile.

Safari hii tuliliona. Alikuwa akituogopa. Ilimchukua mwaka mzima kuacha, na siku alipotujibu swali darasani akiwa na uso mkavu kabisa, usio na tabasamu, sisi peke yetu katika chumba kile tulijua ya kuwa tumesamehewa.